Kumbukumbu za Kikao cha Tatu

Ukumbi wa kukodi, Tononoka, Jumamosi, saa nne kasorobo.
Pangaboi moja linazunguka; la pili lilishastaafu
bila barua, kama nusu yetu.
Waliohudhuria: thelathini na mmoja.
Waliotoa udhuru: saba.
Asiyeweza kutoa: Koplo Wekhuyo.
Kiti chake tulikiwekea kofia,
hadi Nyadzua akaiondoa, akasema
viti havitoshi, na marehemu hakupenda mikogo.

Ajenda ni moja, waraka wetu kwa Bunge.
Tulikwama kwenye neno la kwanza.

Sajini Mghendi, ambaye miezi minne tu
ilipungua kwenye hesabu yao ya pensheni,
anataka *Tunadai*.
Muombaji huambiwa njoo kesho, asema;
mwenye deni lake hukaa kizingitini.
Shekuwe, baharia, aliyesugua sitaha Mtongwe
mpaka akauona uso wake ukizeeka ndani yake,
anataka *Tunaomba*.
Mlango wa mkubwa haupigwi teke, asema,
na goti langu hili teke haliliwezi.
Tulicheka. Iandikwe kwamba tulicheka.

Nyadzua, wa kikosi cha matabibu, hakucheka.
Alitoa mkobani karatasi ya Wekhuyo ya kuachishwa,
imekunjwa na kukunjuliwa hata makunjo yametoboka.
Mahali pa sababu pamepigwa chapa:
utovu wa nidhamu.
Nidhamu ipi, akauliza, anayoivunja mtu
anayelala uvunguni, kitanda kimetandikwa?
Anayelikimbia gwaride kwa kuwa lori limepasua mlio?
Anayehesabu wenzake usiku
na kila usiku hupungua wanne?
"Nilimpima mimi. Niliandika: mgonjwa.
Karatasi yangu ilipanda ngazi ikiwa mgonjwa,
ikashuka ikiwa mkaidi."

Pakawa kimya, isipokuwa kwangu.
Sikio langu la kushoto, lililobaki kule mpakani,
halijui kunyamaza; hupiga mluzi
kama birika alilolisahau mtu jikoni.
Kwenye fomu ya majeraha pana mkono, mguu, jicho.
Nilipouliza sikio niliandike wapi,
karani, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuifikiria biriani,
aliniambia: "Weka kwenye Mengineyo."

Nafula, mjane wa Wekhuyo, alitoka Magongo
na ndoo ya mahamri, akidhani ni kikao cha kuchanga.
Aliuliza jambo moja.
Waraka huu mnauandika kwa lugha gani?
Maana barua ile ya kwanza nilisomewa na mwanangu,
darasa la sita. Aliruka maneno mawili.
Sasa yuko chuo, ana ndevu,
na maneno yale hajanirudishia.

Hakuna aliyemjibu. Mghendi aliangalia viatu vyake,
ambavyo bado huvipiga rangi kila alfajiri
kana kwamba kuna atakayekuja kuvikagua.

Kura: *Tunadai*, kumi na tano. *Tunaomba*, kumi na tano.
Katibu hakupiga.
Wakati huo mama zao bibi arusi wameshaingia
na mapazia ya waridi, wanatupima kwa macho;
ukumbi ni wao tangu saa saba.
Tulisaidia kupanga viti. Safu zilinyooka, hazina kifani.

Usiku, Mikindani, nimeinakili rasimu kwa mkono.
Pa neno la kwanza nimeacha nafasi, upana wa vidole viwili,
nikaanza na la pili:
kwamba ugonjwa uitwe ugonjwa;
kwamba tabibu asikizwe kabla ya hakimu wa kambi;
kwamba miezi minne isiimeze miaka kumi na moja;
kwamba barua ya msiba iletwe na mtu mzima,
aketi, aisome yote,
kwa lugha aipikiayo mwenye nyumba.

Kabla ya kufunga, mwenyekiti aliuliza kama kuna mengineyo.
Naambiwa aliuliza mara mbili.
Alikuwa ameketi kushoto kwangu.
Nimeandika: hakuna.