Gari la Kiti Kimoja

Jumapili ile Jinja hatukuuza kitu.
Barabara Kuu ilifungwa tangu alfajiri,
kona zikavishwa magunia ya makapi ya kahawa,
na mimi, mshonaji wa sare za shule,
nikapewa filimbi na bendera ya manjano:
simama hapa, mbele ya duka lako mwenyewe,
na litokee litakalotokea, usivuke kamba.

Yakaja saba. Madogo, membamba,
magurudumu nje kama magoti ya panzi,
dereva kifua wazi juu ya bati
kama mtu anayeoga kwenye karai.
Yakaacha harufu ya mafuta ya mbarika,
harufu ya utoto, ya kubanwa pua, ya kijiko.
Chokaa ikadondoka vibarazani.
Kaloli juu ya nguzo ya taa hawakugeuka.

La bluu lilikuwa la Kirunda.
Mwenyewe alipopewa siku tisini za kuhama
alilifunika turubai kwenye ghala la pamba,
ufunguo wa ghala akamwachia babake Kirunda.
Miaka hamsini kuku waliatamia humo.
Kirunda akalifufua, bomba kwa bomba, nati kwa nati,
waya za breki akaomba kwa watu wa trekta za miwa,
na siku alipomaliza
tumbo lake halikuingia.

Akampa bintiye Nangobi, msoma mita za maji,
ajuaye kila shimo la mji huu kwa jina.

Mzunguko wa mwisho alikuwa wa pili.
Hapo hapo mbele ya cherehani zangu
gari likakohoa,
likakohoa tena,
kimya.
Nikapeperusha manjano. Sheria ni sheria:
atakayesukumwa na mwingine ametoka.

Akashuka. Mkono mmoja usukani, bega kwenye bati,
akasukuma. Mteremko unaanzia benki, hatua arobaini.
Nyuma ya kamba Kirunda akatembea sambamba naye,
viganja mbele, misuli ya shingo imesimama,
anasukuma hewa.
Kisha muuza rolex naye. Kisha wanafunzi, kisha mapadri wawili,
mtaa mzima viganja mbele,
mtaa mzima unasukuma hewa,
na hakuna aliyeligusa.

Mimi sikusukuma. Nilikuwa natazama ovaroli
niliyomshonea: begani imefumuka, nyama inaonekana.
Nilishona kwa haraka, usiku, umeme unakatika,
uzi mmoja badala ya miwili.
Hilo sikumwambia mtu.

Alimaliza wa sita.

Jumatatu kuku walichakura makapi barabarani.
Saa nne Nangobi akaja, akainama, akasoma mita yangu,
akaandika. Mbio hakuzitaja.
Akaiweka ovaroli juu ya meza, imekunjwa,
bega juu.
“Safari hii,” akasema, “uzi mara mbili.”