Inavuta Kushoto

Inavuta kushoto, nilimwambia Sikuli,
utadhani bado inataka Masisi
kupakia viazi.

Hakunijibu. Akalala chali juu ya makoro,
kiganja kwenye rotili: "Tikisa."
Nikatikisa volani kidogo, kidogo,
kama mtu anayeamsha mgonjwa.
Tak.
"Tena."
Tak.

Akapiga jeki. Akashika gurudumu
saa sita na saa kumi na mbili: kimya.
Akashika saa tatu na saa tisa,
hapo pikapu ikasema yote.

"Si beringi. Wala si hiyo pampu
waliyokuuzia Birere kwa dola mia.
Ni kichwa cha fimbo hii. Kimelika."

Miezi saba nimeirudisha barabarani
kwa bega la kulia.
Hata kitandani, Nsimire anasema,
ninamsukuma ukutani.

Kipuri: dola kumi na nane.
Jioni nikashuka kuelekea Kituku,
magurudumu yamenyooka kama uzi,
na mikono yangu, kwa mazoea,
ikakata kulia.

Kijana wa chukudu akaruka na makaa yake.
"Mzee! Gari inavuta!"

Si gari,
nikasema, dirisha likiwa limefungwa.