Rejista ya Darasa la Sita

Ahero. Mpunga umeanza kutia maziwa,
nami nina safu kumi na saba za tarakimu:
mvua iliyonyesha milima ya Nandi,
joto la usiku, kimo cha maji katika mfereji mkuu,
ukijani wa nyasi za Kano jinsi setilaiti ilivyouona,
umbali kutoka shambani hadi matete wanakolala.
Misimu minane ya kwelea.
Nikaipa kompyuta. Ikatafuna usiku kucha,
ikacheua alfajiri: kosa kubwa,
utabiri wa kubahatisha.
Heri ningerusha shilingi.

Ndipo Mwalimu Ogalo akaniazima rejista.
Sikuiomba kwa hekima yoyote. Nilitaka tu majina
ya walionivunjia kipimamvua wakakifanya goli.
Darasa la sita: mkwaju kwa aliyekuja,
duara kwa asiyekuja.
Apondi, duara.
Obiero, duara, duara, duara.
Nikayahesabu, mkono ulivyozoea kuhesabu,
nikayatia safu ya kumi na nane,
na modeli ikasimama wima
kama mtoto aliyejua jibu.

Sitausahau mchoro ule. Nukta zimetua juu ya mstari
kama ndege juu ya waya wa stima.
Siku viti kumi na vitatu vi vitupu,
kwelea laki mbili.
Siku darasa limejaa,
anga jeupe, mpunga wainama bila hofu.

Nikaupeleka Kisumu, ghorofa ya tatu,
kwa Bwana Rading' wa kilimo.
Akavua miwani, akaivaa tena.
"Kumbe dawa ni rahisi," akasema.
"Tuwafungie watoto darasani, wasitoke.
Tukiyaziba maduara, ndege wataisha."
Nikacheka.
Hakuwa akitania. Kalamu yake
ilikwisha kuigusa karatasi.

Nilimweleza hadi chai ikapoa:
mtoto hakukosa shule ndege wakaja.
Ndege walikuja, mtoto akaamshwa gizani,
akapewa debe na kombeo,
akasimama juu ya tuta akipiga
mpaka jua lenyewe likamchoka.
Moshi unaujua moto, mzee wangu,
ila nani aliyeiokoa nyumba
kwa kuupepea moshi?

Lakini nisijigambe.
Njiani kurudi niliona aibu yangu mwenyewe.
Najua ni wangapi watakaokuja kesho.
Kwa nini shamba hili, wakaliruka la jirani,
modeli haisemi, nami sikuwahi kuiuliza.
Kwelea, kuelea, kuelewa:
herufi zinapishana kidogo tu.
Miaka minane nimeelea juu ya namba
nikidhani yamenielea.

Nikaenda kusimama na Obiero tutani.
Hakuwa na la kunifundisha; alikuwa na njaa na hasira.
"Nyasi zimewaisha," akasema, akitema mate.
"Wangekula zao, wasingetusumbua sisi."
Nikapiga magoti kando ya mfereji, nikachimbua kwa kidole.
Kweli: mvua ya wiki iliyopita
imeziotesha mbegu zote za porini.
Kila punje imetoa mkia mweupe.
Chakula chao kimegeuka majani
nao wamehamia kwetu.

Labda.
Kiganja kimoja cha mbegu si ushahidi.
Msimu ujao nitaomba mashamba sita,
matatu nitayazungushia nyasi zilizochelewa,
matatu niyaache yalivyo,
nione ndege watachagua nini.
Huenda wakanicheka.

Jioni nilimwambia: kesho, laki moja na arobaini elfu.
Akanitazama kana kwamba nimemwambia
maji yanalowesha.
"Hilo hata mama analijua.
Mimi nauliza mtihani wa Ijumaa,
nitaufanya ama sitaufanya?"

Katika safu zangu kumi na nane
hakuna ya mtihani wa Ijumaa.
Magharibi, juu ya matete, wingu la kahawia
lilikuwa linajikunja na kujikunjua.
Obiero akanipa debe bila neno,
akaketi, akatoa kwenye kaptura
daftari la hesabu lililokunjwa mara nne.
Nikapiga.