Mtumba, Ghorofa ya Pili

Jina tulilikuta. Paliitwa Mtumba
tangu palipokuwa uwele na mbuzi,
kabla ya lami, kabla ya wizara na vioo vyake.
Ila mtoto wa muuza mitumba
halisikii jina hilo kama wenzake.

Mama yangu, Damari Chilewa,
alifungua mabelo Sabasaba miaka kumi na tisa.
Alfajiri, wembe mkononi, anakata utepe,
na belo linapumua: phuu,
harufu ya kabati la watu wa mbali.
Juu, koti la sufu, vifungo vyote vipo.
Kati, mashati yenye kola zilizochoka.
Chini kabisa, pale ulipolipia uzito,
soksi za mguu mmoja mmoja.
“Ukishalipa,” alisema, “ndipo unajua umenunua nini.”

Leo mezani kwangu kuna belo la karatasi,
kurasa mia sita arobaini na moja,
rasimu ya mkataba wa biashara huria.
Kazi yangu ndogo: niutie Kiswahili,
Ijumaa saa nane wakubwa waupitie.

Juu: asali ya Manyoni, zabibu, korosho,
zitaingia kwao bila ushuru.
Koti la sufu.
Kati: mihuri, vipimo, siku za forodha.
Chini, kijalizo cha tisa, herufi kama mayai ya chawa:
hataza ya dawa itaongezewa miaka mitano
ikiwa ofisi yetu ilichelewa kuitoa;
takwimu za majaribio zitafungiwa miaka minane,
mwingine asiziegemee
kusajili dawa ileile kwa bei ya chini.

Nimekaa na neno hataza tangu asubuhi.
Kamusi inalo, mama hajawahi kulitamka.
Ukilikata mkia linabaki hata:
hata kidogo,
hata mgonjwa,
hata wewe.

Kila usiku mama anameza kidonge kimoja,
damu yake inazaa chembe nyeupe kupita kiasi.
Kasha jeupe, elfu thelathini na mbili kwa mwezi.
Lipo na la buluu.
Mfamasia wa Area C, Ndugu Msanjila,
aliyapanga yote mawili juu ya kioo.
“Hawa pacha,” akasema.
“Ila huyu wa buluu ana mwenyewe.”
Akanitajia bei.
Nikajifanya nasoma tarehe ya mwisho wa matumizi.

Sisemi aliyebuni hakukesha.
Yupo mtu mahali macho yalimwisha juu ya darubini,
naye ana watoto, naye ale.
Lakini baba alipopanda mizabibu Hombolo
pingili alipewa na jirani,
na jirani alipewa na jirani,
na msimu wa mavuno hakuna aliyebisha hodi
na karatasi ya miaka minane.
Najua, pingili si kidonge.
Najua. Bado inanijia.

Ukurasa wa mia tano themanini na nane: nchi itapaswa.
Mkono ulitaka kuteleza uandike inaweza.
Niliushika kwa mkono mwingine.
Mtafsiri akidanganya mara moja
hata ukweli wake utadaiwa risiti.

Jioni, upepo unasukuma vumbi jekundu dirishani,
nikampigia.
“Umekula?”
“Bado, mama. Nina belo.”
Akacheka mpaka akakohoa.
“Mmeshalilipia?”
“Bado.”
“Na mwenyewe kakuachia ulifungue?”
“Kwa wiki moja.”
Kimya. Nilisikia kasha likifunguliwa,
karatasi ya fedha ikitoboka, maji.
“Mimi sikuwahi kupata bahati hiyo,” akasema.
“Basi anzia chini.”

Sikubadili neno. Wala nukta.
Niligeuza bunda tu,
kijalizo cha tisa kikawa juu,
nikalipiga pini.
Ijumaa, saa nane,
watakutana na soksi kwanza.