Ukurasa wa Kumi na Tisa

Barabara ya kumi na tatu, Ngamiani.
Umeme umekatika tangu adhuhuri
na baba bado yuko ukurasa wa kumi na tisa.

Daftari si lake. Ni la Ruxandra,
mfuaji wa mashuka ya bweni kule Iași
miaka baba aliposomea mbolea
kwa ajili ya kiwanda ambacho leo ni kutu na popo.
Ruxandra alizaliwa ng'ambo ya mto Prut.
Aliuvuka utotoni, vitani, juu ya mkokoteni,
akaikuta lugha yake ileile ikimsubiri
na bado wakamwita wa ng'ambo.

Miaka arobaini na ushei baba analitafsiri,
kwa penseli, kama anayechambua mchele wa deni.
Theluji aliiacha iwe theluji. Mto, mto.
Hapa amekwama: *străin*.

"Mgeni," nikamwambia. "Si ndiyo hilo?"
Akanitazama juu ya miwani.
Mgeni hupewa maji ya kunawa.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Siku ya tatu hupewa jembe,
na jembe, binti yangu, ni heshima.
Huyu hakupewa hata mpini.

"Mtu wa kuja, basi."
Akacheka kidogo. Waja leo, waondoka leo:
mji wetu una maneno, akasema,
ila yote yana mzaha ndani.
La Ruxandra halicheki.

Mtaani wanamwita Mromania. Hata msikitini.
Aliporudi alikuta dadaye keshazikwa
na mahali pake barazani pana mtu.
Hilo halisemi. Nalijua kwa anavyokaa,
ukingoni, kama anayengoja kuitwa jina.

Ndipo simu ikalia, sauti ya Mwanamkasi, kutoka Maskati,
nyuma yake sufuria, na mtoto wa watu akilia:
"Dada, huku neno la mgeni wanalo.
Ila ni la wanaoingia mlango wa mbele."

Baba akainua kidole. Rudisha.
Nikarudisha.
Akaandika, akafuta, akaandika palepale
mpaka karatasi ya Ruxandra ikaanza kuchanika.

Umeme uliporudi hakuinua kichwa.
Nikamwekea chai, ikapoa.
Aliuliza tu: Maskati saa hizi ni saa ngapi,
na ule mlango wa nyuma,
ufunguo anao nani?