Nukta Mwishoni mwa Jina

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Inaingia na mawingu yake hadi mapokezi,
na kila ikinyesha intaneti inakatika,
na kila intaneti ikikatika maabara inapotea,
maabara ile pale, ng'ambo ya korido,
hatua kumi na nne, nimezihesabu.

Jina la chumba cha pili tulikuwa tukiliulizia ughaibuni.

Ndiyo maana Sista Tusajigwe ana karatasi
kaibandika kwa plasta chini ya kaunta:
kumi, sifuri, sifuri, saba, duka la dawa;
kumi, sifuri, sifuri, kumi na ngapi sijui, printa,
maana chai ilimwagikia hapo.
"Mwe bandu," ananiambia,
"hata ng'ombe wa mama yangu wana majina."

Basi nikaitoa stoo kompyuta ya marehemu Ambilikile, mhasibu,
iliyokaa miaka miwili juu ya makatoni ya glovu.
Nikapuliza feni. Likatoka vumbi,
likatoka na ganda la karanga.
Nikaipa kazi moja tu:
kujua nani anakaa wapi.

Nikafungua faili, nikaandika kama karani wa sensa:
maabara, masjala, wazazi, duka-la-dawa.
Usiku wa kwanza hakuna aliyeitika.
Namwita maabara, namsikia akitafutwa
kwa jina la maabara wa kituo wa kituo,
kama mtoto aliyeandikwa ubini mara mbili shuleni.
Saa nne nzima. Soksi mbichi. Chai imepoa, nimeinywa hivyo hivyo.

Kumbe nukta.
Nukta moja mwishoni mwa jina,
ndogo kuliko punje ya ulezi,
ya kusema: nimeishia hapa, msiniongezee ukoo.

Nikaiweka. Nikapandisha namba ya toleo kwa moja.
Radi ikapiga upande wa mlima Rungwe, mnara ukazimika,
taa ya ruta ikageuka nyekundu.
Nikauliza: maabara?
Ikajibu kabla sijanyanyua kidole.

Asubuhi Tusajigwe akaandika *wazazi*, herufi kwa herufi,
wodi ikafunguka na vitanda vyake vyote,
na mama wa kitanda cha tatu aliyejifungua alfajiri.
Karatasi hakuibandua.
"Iache," alisema. "Nawe kuna siku utaenda likizo."

Lilibaki jina la mashine yenyewe.
Nikaandika: ambilikile. Nukta.
Na muda ambao kila aliyeuliza atalikumbuka jibu:
sekunde themanini na sita elfu na mia nne,
yaani siku moja.
Ikiisha, zinasahau,
na mvua ikinyesha isinyeshe,
mashine zote za kituo, moja moja,
zinamuulizia tena.