Sare

Kila Jumapili, kabla ya kengele za Mtakatifu Oswald,
nazifua sare za Klabu ya Brackenshaw:
jezi kumi na nane, kaptula kumi na nane,
na soksi ambazo hazijawahi kurudi zote.
Matope ya Lancashire hayaogopi maji baridi,
lakini maji ya moto, kasema Bwana Ainscough,
yana bei yake, Noreen. Jaribu kwanza na baridi.

Si mtu mbaya. Nianze na hilo.
Alitununua kwa pauni moja pamoja na madeni yetu,
mwaka ule lango la Mtaa wa Kiln lilipotiwa mnyororo
kwa sababu aliyemtangulia alitaka kombe
akalinunua vipande vipande, kwa mkopo:
beki wa Denmaki, winga wa Ureno,
basi lenye choo ndani.
Kombe halikuja. Walikuja madalali wa mahakama,
wakabeba hata mashine yangu ya kufulia
huku maji yakiwa bado tumboni mwake,
yakidondoka ngazi kwa ngazi.

Kwa hiyo nalijua daftari, na ninaliheshimu.
Ila lipo daftari linaloilinda mali
na lipo linaloila.

Januari hii tulikuwa wa pili.
Wa pili! Watu walisalimiana kwa namba hiyo
kwenye foleni ya mkate.
Mzee Horrocks, aliyeapa mbele ya mkewe hatarudi,
alirudi na skafu mpya.
Marek Hudec alikuwa amefunga kumi na tisa;
nilizihesabu kwa magoti ya soksi zake,
kila bao aliliteleza nyasini
na rangi ya kijani niliisugua mimi.

Siku ya mwisho ya usajili wakamuuza.
Kapuni nikaikuta namba tisa,
safi, imekunjwa kwa nne, kama barua.

Nilimpelekea ofisini. Sikuuliza kitu,
nilisimama nayo tu.
"Kupanda daraja ni ghali," akasema.
"Taa mpya. Viti elfu mbili. Bonasi kwa kila mguu,
na mishahara itaumuka kama hamira imetiwa.
Huku chini tunakula, hatushibi, hatufi.
Nafasi ya tano ni nafasi nzuri sana."
Kisha akaizima taa ya meza,
maana dirishani bado mlikuwa na mwanga.

Marek alifunga mabao. Huyu anafunga hesabu.
Lugha imewapa kitenzi kimoja
na sisi tukakaa katikati yao na tiketi mkononi.

Mechi ya mwisho. Tukishinda, tunaingia mchujo.
Moja kwa moja, dakika ya themanini na saba,
penalti.
Aliyeuchukua mpira ni Callum Entwistle,
miaka kumi na saba, posho ya nauli tu,
jezi namba tisa ikimfika mapajani.
Nilikuwa kwenye njia ya wachezaji na taulo zangu,
na Mungu anisamehe, sikumtazama mtoto.
Nilitazama jukwaani.

Mpira uligonga mtambaa wa panya, ukaenda zake.
Watu elfu tatu waliguna kwa kinywa kimoja.
Naye, mikono mifukoni mwa koti,
akashusha pumzi,
kama mtu aliyesikia simu usiku
akatambua inalia kwa jirani.

Labda ilikuwa huzuni. Sitaapa.
Pumzi haina risiti.

Sare, likatangaza gazeti. Sare, wakasema baa ya Weavers,
wakigeuza glasi tupu juu ya kaunta.
Neno langu hilo, nimelifua miaka ishirini na sita,
sikujua mtu anaweza kulitamani.

Jumapili niliitoa jezi ya Callum mfukoni.
Kifuani ilikauka chumvi, wala sikutafuta
ni ya jasho au ya nini.
Nikalifungua bomba la moto
hadi mwisho.
Ukutani mita ikaanza kuzunguka,
nikavuta kigoda, nikakaa,
nikaiangalia ikizunguka.